Kuitia Waya Kamera Iliyozaliwa na Wi-Fi

Kamera ndogo za Wi-Fi zimejaa kila mahali, kuanzia maduka ya Kariakoo hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Unainunua asubuhi, unaichomeka kwenye chaja, unatumbukiza memori kadi, na kabla ya adhuhuri unauona mlango wa duka lako kwenye simu. Udhaifu wake hujitokeza siku unapoihitaji. Unatafuta rekodi ya saa 8 usiku, unakuta pengo: kamera ilipoteza mtandao, ikaupata, ikaupoteza tena, na mashine ya kurekodi uliyoifungia stoo haikupokea kitu. Kama ulitegemea memori kadi iliyo tumboni mwa kamera yenyewe, basi aliyeing'oa ukutani ameondoka na ushahidi wa wizi wake.

Kila kitu katika mwongozo huu kinatokana na hapo. Picha inatakiwa iwe imeshatoka ndani ya kamera na kufika pahali pa salama kabla mkono wa mwizi haujaigusa. Waya wa mtandao, ukifungwa vizuri, huifanya kazi hiyo usiku na mchana bila kujali jirani kafunga ruta ngapi.

Maana tatizo la Wi-Fi mjini ni msongamano. Kamera nyingi za bei ya chini hutumia mawimbi ya 2.4 GHz pekee, na kwenye mawimbi hayo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo la ghorofa nne lenye maduka chini na wapangaji juu lina ruta nyingi kuliko chaneli. Ongeza kuta za tofali za saruji, nondo na paa la mabati, uone mawimbi yanavyofika kwenye kamera ya uani yakiwa hoi. Kisha kuna udhaifu usiosemwa sana dukani. Wi-Fi ya mtindo wa zamani hupokea ujumbe wa kuvunja mawasiliano bila kuhakiki umetoka kwa nani, kwa hiyo mtu mwenye kifaa kidogo cha bei nafuu anaweza kuitoa kamera yako mtandaoni akiwa amesimama barabarani. Kinga ya jambo hilo, inayoitwa 802.11w, ilitoka mwaka 2009, na katika WPA3 ni ya lazima, lakini kamera za bei ya chini mara nyingi huuzwa bila kinga hiyo.

Kabla hujashika bisibisi, igeuze kamera uitazame vizuri. Kamera nyingi za nje zina mkia wa waya wenye plagi mbili: ya umeme, na tundu la RJ45 lililofunikwa kofia ya mpira. Wenye kamera hizo huishi na Wi-Fi miaka mingi bila kujua kuwa tundu la waya wanalo. Na kama bado hujanunua, nunua kamera ya waya yenye PoE, yaani inayopokea umeme na mtandao kwa kebo moja, usijisumbue na marekebisho yoyote. Marekebisho yana maana kwa aliyekwisha kutoa fedha zake, mwenye kamera nzima inayoona vizuri ila mtandao wake haushikiki.

Njia isiyofungua chochote

Njia ya kwanza haigusi kamera. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta kuu hadi karibu na kamera, funga pale ruta ndogo ya bei nafuu, uizime kazi yake ya kugawa anwani, halafu iachie kazi moja tu ya kurusha Wi-Fi kwa kamera iliyo mita 2 kutoka hapo. Punguza nguvu ya kurusha kama ruta inaruhusu, chagua chaneli iliyo tulivu, na uipe jina la mtandao ambalo simu za wafanyakazi hazilijui.

Hii ni nusu ya tiba. Umbali umekwisha, kuta zimekwisha, lakini hewani bado kuna mita 2 ambazo mtu anaweza kuzivuruga. Hata hivyo kwa kamera iliyofungwa kwa gundi, isiyofunguka bila kuvunjika, au ambayo bado ina dhamana ya muuzaji, mimi ningeishia hapa.

Njia ya USB

Kamera kadhaa za Wi-Fi zinaendeshwa na Linux ndani yake, na tundu dogo la micro USB linaloingiza umeme lina nyaya za data pia. Basi inawezekana kulichomekea adapta ya mtandao, kama ile ya kompyuta za mpakato zisizo na tundu la RJ45. Mfano unaojulikana ni Wyze Cam v3, ya kampuni ya Seattle nchini Marekani, inayotumia chipu ya Ingenic T31. Kiwandani haikupewa uwezo huo. Wapenzi wa programu huru waliutengeneza: kifurushi cha wz_mini_hacks huwekwa kwenye memori kadi, kamera ikiwaka hukisoma, na adapta ya USB ikatambulika. Kizuri chake ni kwamba hakifuti programu ya kiwandani. Ukiitoa kadi, kamera inarudi ilivyokuwa. Ipo pia Thingino, ambayo inachukua nafasi yote ya programu ya kiwandani katika kamera nyingi zenye chipu za Ingenic, na OpenIPC inayohudumia chipu za aina nyingi zaidi. Hizi mbili zinakupa uhuru mkubwa, lakini ukikosea toleo la kamera, kamera haitawaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua kamera yako kwa jina kamili. Maandishi ya boksi hayatoshi, kwani kamera mbili zenye boksi moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Fungua mfuniko, tafuta chipu kubwa iliyo karibu na lenzi, soma maandishi yake kwa kioo cha kukuzia huku ukimulika taa ya simu kwa pembeni. Linganisha na orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na programu unayoitaka. Angalia pia toleo la programu lililomo, kwa sababu baadhi ya vifurushi hufanya kazi na toleo fulani la zamani tu. Kama kamera imekuwa ikijisasisha yenyewe, huenda ukalazimika kulirudisha nyuma kwanza.

Adapta nayo ichague kwa chipu, usichague kwa rangi. Zenye Realtek RTL8152 au ASIX AX88772 zinafahamika vizuri na Linux, na kasi yao ya megabiti 100 kwa sekunde ni tele. Picha ya 1080p inahitaji megabiti 2 hadi 4 hivi. Kununua adapta ya gigabiti kwa kazi hii ni kupoteza fedha, na inakula umeme zaidi.

Sehemu inayowatatiza wengi ni umeme. Tundu ni moja, nalo linatakiwa kupokea umeme na papo hapo kuzungumza na adapta. Hapo unahitaji kebo ya OTG yenye njia mbili, upande mmoja ukiingiza volti 5, upande wa pili ukienda kwenye adapta. Ndani ya plagi ya OTG mguu uitwao ID umeunganishwa na hasi, na hilo ndilo linaloiambia kamera kuwa sasa yeye ni mwenyeji na adapta ni mgeni. Kebo ya kuchajia ya kawaida haina muunganisho huo, ndiyo maana mtu anabadilisha kebo tatu na adapta haitambuliki. Chaja iwe ya ampea 2, hata kama ile ya kiwandani ilikuwa ya ampea 1, kwa sababu sasa inalisha vifaa viwili.

Jaribu kila kitu mezani. Washa kamera, subiri, tazama kwenye ruta kama anwani mpya imetokea upande wa waya. Ikitokea, iache iendeshe usiku mzima mezani pale pale. Kamera inayojizima na kuwaka tena kila giza likiingia inakuambia jambo moja: taa za infraredi zimewaka na umeme hautoshi.

Njia ya kulehemu

Baadhi ya mbao za kamera zilichorwa kiwandani kwa matoleo mawili, lenye waya na lisilo na waya, na mtengenezaji akaacha tu kuweka tundu kwenye lile la bei ndogo. Ukifungua unakuta vitundu vinne au zaidi vilivyo wazi, pembeni yake pameandikwa TX+, TX−, RX+, RX−. Hiyo ni hazina iliyoachwa wazi.

Kazi ya namna hii ina historia ndefu. Mwaka 1999 Marekani ilianza kuuziwa kinasa televisheni cha TiVo, mashine iliyorekodi vipindi kwenye diski badala ya mkanda. Ilipata ratiba ya vipindi kwa kupiga simu usiku kwa modemu, na haikuwa na tundu la mtandao. Lakini pembeni mwa ubao wake mama kulikuwa na meno ya shaba ya kuunganishia, yaliyoachwa bila kutumika. Andrew Tridgell, mtaalamu wa Australia aliyeanzisha Samba na rsync, akatengeneza kadi ya TiVoNet iliyoshika meno hayo na kupokea kadi ya kawaida ya mtandao ya kompyuta. Baadaye ikaja TurboNet ya kampuni ya Silicondust, kadi moja iliyokamilika. Mwenye mashine aliandika ,#401 kwenye sehemu ya namba ya kutangulia simu, na TiVo ikaacha modemu ikatumia waya. Kilichowasaidia watu wale ni kuusoma ubao kwa subira kabla ya kuugusa, na ndicho kitakachokusaidia wewe.

Kwanza hakikisha programu ya ndani inaujua mtandao wa waya. Kwenye mbao nyingi kuna vitundu vitatu vya mawasiliano ya ufundi: GND, TX na RX. Unganisha kifaa cha USB cha kusomea mawasiliano hayo, kilichowekwa kwenye volti 3.3, kwa kasi ya 115200. Usiunganishe mguu wa umeme, na usitumie kifaa cha volti 5, kwani kinaweza kuiua chipu. Washa kamera utazame maandishi yanavyoshuka. Ukiona eth0 imetajwa, programu ina habari za waya na kazi yako imebaki kuwa ya mikono. Usipoiona, kulehemu peke yake hakutaleta mtandao, na itabidi urudi kwenye zile programu huru nilizozitaja.

Kabla ya kubadilisha programu yoyote, chukua nakala ya iliyomo. Kwa kawaida imehifadhiwa kwenye chipu ndogo ya miguu minane, ya megabaiti 8 au 16, na kifaa cha CH341A huisoma kwa kibano. Vipime kwanza kwa maltimita vifaa hivyo, kwa kuwa yapo matoleo yanayotoa volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu inataka 3.3. Soma mara mbili, linganisha mafaili mawili, na yakilingana ndipo uendelee.

Sasa transfoma. Mtandao wa waya haukubali chipu iunganishwe uchi na kebo. Katikati lazima pawe na transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa pande mbili, na kanuni za IEEE zinataka utengano huo ustahimili volti 1500. Tafuta kwenye ubao kijiboksi cheusi cha mstatili, mara nyingi chenye miguu 16, kati ya chipu kuu na vile vitundu vinne. Kipo? Weka maltimita kwenye TX+ na TX−. Ikisoma karibu ohmu 1, vitundu vyako vimeunganishwa na transfoma, na vikiwa upande wake wa kebo unaweza kuvipeleka moja kwa moja kwenye tundu la RJ45. Hakipo? Nunua tundu la RJ45 lenye transfoma ndani yake. Lina mwili wa chuma na ni refu kuliko la kawaida. Usijaribu kuruka hatua hii hata kama mtu atakuambia kwake ilifanya kazi. Itafanya kazi mezani kwa kebo ya mita 1, kisha mvua ya kwanza yenye radi ya mbali itaondoka na ubao.

TX+ inakwenda mguu wa 1 wa tundu, TX− wa 2, RX+ wa 3, RX− wa 6. Tumia jozi mbili zilizokatwa kutoka kwenye kebo ya mtandao yenyewe, ziache zikiwa zimesokotwa hadi sentimita ya mwisho, na zisizidi sentimita 5 au 6. Lehemu kidogo, joto la kutosha, mkono usikawie, kwani vitundu vya mbao hizi vikikaangwa hubanduka. Ukimaliza, funga nyaya kwenye mwili wa kamera kwa gundi ya moto ili mvuto wa kebo usifike kwenye lehemu.

Onyo moja kwa wenye ari: haya yote ni kwa kamera zinazolishwa volti 5 au 12 kutoka kwenye chaja ya nje. Mashine ya kurekodi yenye umeme wa ukutani ndani yake usiifungue kwa mwongozo huu. Kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Umeme kupitia kebo

Kamera ikishakubali waya, watu hutaka kupitisha umeme kwenye jozi mbili zilizobaki, bluu na kahawia. Wazo ni zuri, lakini volti 5 haisafiri. Uzi mmoja wa kebo ya Cat5e una ukinzani wa ohmu 9 hivi kwa kila mita 100. Kwa mita 30, ukitumia nyuzi mbili za kwenda na mbili za kurudi, unapata jumla ya ohmu 2.8 hivi. Kamera ikivuta ampea 1, volti 2.8 zinapotea njiani na kamera inaachiwa 2.2. Haitawaka. Ukipeleka volti 48 na kuzishusha kuwa 5 pale pale kwenye kamera, kazi ile ile ya wati 5 inavuta sehemu ya kumi tu ya ampea, na upotevu wa njiani ni volti 0.3.

Hiyo ndiyo akili ya PoE. Kiwango cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwenye swichi na kuhakikisha 12.95 zinafika mwisho wa kebo. Wewe nunua swichi ya PoE, na kwa kila kamera kigawanyaji chenye kutoa volti 5 kwa plagi ya micro USB. Vipo vigawanyaji vilivyoundwa kwa kompyuta ndogo vinavyotoa umeme na mtandao vyote kwa plagi hiyo moja ya micro USB, yaani adapta imo humo humo, na kwa njia ya USB niliyoieleza hapo juu hivyo ndivyo bora kabisa.

Sisitiza neno 802.3af dukani. Swichi ya kiwango hicho huuliza kwanza: hupima kama kifaa cha upande wa pili kina ukinzani wa kiloohmu 25 wa kujitambulisha, na kisipojitambulisha hakipewi umeme. Vifaa vya bei ya chini vinavyoitwa PoE tuli havina ustaarabu huo. Humwaga volti 24 au 48 kwa yeyote aliyechomekwa, iwe kamera au kompyuta ya mhasibu.

Faida kubwa ya mpango huu utaiona umeme wa mtaa ukikatika. Ukiweka UPS moja kwenye stoo, ikilisha swichi, ruta na mashine ya kurekodi, basi kamera zote zinaendelea kuona. Kwa chaja za ukutani kila kamera hufa na taa ya chumba chake, na wezi wa mijini wanalijua hilo.

Kebo, chumvi na radi

Kebo ndiyo inayoharibu kazi nyingi nzuri. Sokoni kuna kebo nyingi zilizoandikwa Cat6 ambazo nyuzi zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi kwa wembe: ukiona ndani ni mweupe kama fedha, irudishe. Aluminiamu ina ukinzani unaozidi wa shaba kwa asilimia 60 hivi, huvunjika ukiipinda mara chache, na kwa PoE hupata joto bila sababu. Kwa nje tumia kebo nyeusi ya plastiki inayostahimili jua. Ile ya kijivu ya ndani hupasuka ganda ikianikwa juani, maji yakaingia, yakatembea ndani ya kebo hadi kwenye swichi. Umbali usizidi mita 100 kati ya swichi na kamera.

Panga rangi kwa mtindo wa T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usibuni mpangilio wako hata kama testa inawasha taa zote nane. Taa zinaonyesha kuwa kila uzi umefika, hazionyeshi kama jozi zimevunjwa, na jozi zikivunjwa kebo ndefu huanza kupoteza data bila sababu inayoonekana.

Walio pwani, Tanga, Unguja, Lamu au Mombasa, adui wenu ni chumvi. Plagi iliyo wazi hugeuka kijani, na kamera huanza kupotea nyakati za asubuhi penye umande kisha kurudi jua likipanda. Maungio yote yawe ndani ya boksi lililofungwa, kebo iingie kwa chini, na kabla ya kuingia iachiwe mzingo unaoning'inia ili maji yadondoke hapo yasifuate waya. Gramu chache za grisi ya silikoni kwenye plagi husaidia sana.

Walio kando ya Ziwa Victoria, Kisumu, Mwanza, Kampala, na walio Kisii, wana radi, na kwao waya una hatari ambayo Wi-Fi haikuwa nayo. Kebo ya shaba iliyotoka jengo moja kwenda jingine huunganisha ardhi mbili tofauti, na radi ikipiga karibu, umeme hupita humo. Vilinda-radi vya kebo vinafaa pale tu penye waya wa ardhi mzuri, na bila ardhi ni mapambo. Kati ya majengo mimi napendekeza faiba: vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande, na uzi wa kioo katikati yake usiopitisha umeme hata kidogo. Bei yake imeshuka, na ni ndogo mbele ya bei ya kununua upya swichi na mashine ya kurekodi.

Baada ya waya kushika

Zima Wi-Fi ya kamera. Ukiacha njia zote mbili, kamera itakuwa na anwani mbili na mashine ya kurekodi itaishika ile dhaifu siku usiyoitarajia. Kwenye ruta, ifungie kamera anwani moja isiyobadilika. Ukiwa na kamera kadhaa za programu huru, angalia namba ya MAC ya kila moja. Zikitokea mbili zenye namba ile ile, zitapokonyana anwani moja na utazunguka siku nzima ukilaumu kebo.

Badilisha nenosiri kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi duniani kote kwa kujaribu majina na manenosiri ya kiwandani tu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vilivyotekwa likaishambulia kampuni ya Dyn, tovuti kubwa zikapotea hewani kwa saa kadhaa. Kamera yako haina haja ya kufikiwa kutoka intaneti. Izuie kwenye ruta, iache izungumze na mashine ya kurekodi peke yake, na ukitaka kuitazama ukiwa safarini pitia VPN kama WireGuard badala ya kufungua mlango kwenye ruta.

Mashine ya kurekodi huichukua picha kwa njia ya RTSP, kwa kawaida mlango wa 554, au kwa ONVIF ikiwa kamera inaijua. Piga hesabu ya diski mapema: megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43 hivi kwa siku kwa kila kamera, kwa hiyo terabaiti 1 inakaa siku 23. Ukishusha hadi megabiti 2, siku zinakuwa 46. Memori kadi iache ndani ya kamera kama akiba, kwa ajili ya siku kebo itakapokatwa.

Saa ya kamera isahihishe nayo. Kamera iliyozuiwa intaneti haiwezi kujirekebisha, hivyo ielekeze ichukue saa kutoka kwenye ruta au mashine ya kurekodi, na eneo la saa liwe UTC+3. Ukipeleka picha polisi, andika kwenye maelezo yako kwa lugha zote mbili za saa, kwamba 02:14 ya kwenye picha ni saa 8 na dakika 14 usiku. Wakili wa upande wa pili akikuta tofauti isiyoelezwa, ataishikilia hiyo hiyo.

Tazama pia kamera inaelekea wapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake. Bandika kibao mlangoni kinachosema kuna kamera, na ua wa jirani usiwemo kwenye fremu.

Mwisho, zima usasishaji wa kujiendesha kama umeitia kamera programu huru, kwa kuwa sasisho moja la kiwandani linaweza kukufutia adapta usiku ukiwa umelala. Ndani ya boksi la swichi bandika karatasi yenye anwani ya kila kamera, toleo la programu yake, na njia uliyotumia kuitia waya, ili fundi atakayekuja baada yako asianze upya. Nenosiri usiliandike hapo. Na siku utakapoiuza au kuigawa kamera, toa memori kadi, irudishie ile nakala ya programu uliyoichukua mwanzo, na ufute jina la Wi-Fi ya nyumbani kwako lililobaki ndani yake.